Sura ya Saba: Siku ya Mvua Hailipwi

Mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika jimbo la Oklahoma ni Mei. Ngano ya Oklahoma huiva mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Mkulima wa Narok au Hanang akisikia hivyo atashangaa ni nani aliyepanga kalenda ya namna hiyo. Ngano ya huko hupandwa Septemba na Oktoba, huchipua, hulala miezi ya baridi kana kwamba imekufa, huamka Machi, kisha hukimbilia kuiva kabla jua la Julai halijaibabua. Wakati uleule hewa nzito yenye mvuke hupanda kutoka Ghuba ya Mexico na kukutana na hewa kavu inayotoka nyanda za juu za magharibi. Zinapokutana, mawingu hujikusanya na kushusha mvua kubwa, mvua ya mawe, na mara nyingine vimbunga vinavyoezua mapaa. Kwa hiyo mavuno kucheleweshwa na mvua si ajali kusini mwa Nyanda Kuu za Marekani. Kumo ndani ya kalenda.

Wapo watu ambao riziki yao yote imejengwa juu ya kalenda hiyo. Hawana shamba la ngano, au kama wanalo, silo linalowalisha. Wana kombaini tatu, nne, wengine zaidi ya hapo. Wana malori ya trela, matrekta, matela ya kupokea nafaka shambani, gari la mafuta na vipuri, na nyumba za magurudumu za kulala. Mwezi Mei msafara huo huteremka hadi kaskazini mwa Texas, maeneo ya Vernon na Wichita Falls, ukaanza kuvuna mashamba ya watu kwa malipo. Ngano ya Texas ikiisha wanapanda Oklahoma. Juni wako Kansas, Julai Nebraska na mashariki mwa Colorado, kisha Dakota Kusini, na Agosti wamefika Montana na Dakota Kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,600 hata ukiipima kwa mstari ulionyooka, na ratiba yake haikuandikwa na mtu. Ngano ikikauka, wanatakiwa wawepo.

Hesabu ya biashara yenyewe si ngumu. Kombaini mpya pamoja na kichwa chake cha kukatia hugharimu zaidi ya dola nusu milioni. Mkulima wa ekari 1,500 akiinunua, itafanya kazi siku kumi, kisha ilale bandani hadi mwaka ujao huku riba ya benki ikiendelea kutembea. Mvunaji wa kukodiwa huichukua mashine ileile na kuitafutia kazi ya miezi minne kwa kuihamisha kutoka jimbo hadi jimbo. Mwenye shamba anakwepa deni, mwenye kombaini anapata ekari. Wote wawili wanaridhika mpaka wingu litande.

Kabla ya kombaini, ngano hii ilivunwa na maelfu ya watu waliodandia treni za mizigo. Walifuata njia ileile ya kutoka kusini kwenda kaskazini, wakiwa na mabunda ya nguo mgongoni, wakilala kando ya reli. Mwaka 1915 chama cha wafanyakazi cha IWW kilianzisha mjini Kansas City tawi maalumu la vibarua wa mashambani, ili wadai kwa sauti moja mshahara na chakula cha kueleweka. Tawi hilo lilipata nguvu kwa miaka michache tu. Kilichowaondoa vibarua hao kwenye treni hatimaye ni mashine iliyokata na kupura kwa mkupuo mmoja, ikifanya kazi ya kundi zima la watu.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1944 chuma kilipatikana kwa kibali cha serikali, vijana wa mashambani walikuwa Ulaya na Pasifiki, na ngano ilikuwa inahitajika kuliko wakati wowote. Joe Tucker, mkuu wa mauzo wa kampuni ya Massey-Harris nchini Marekani, aliiendea bodi iliyosimamia uzalishaji wa wakati wa vita akiwa na pendekezo. Apewe chuma cha kuunda kombaini 500 zaidi ya mgawo wake, za modeli namba 21, zinazojiendesha zenyewe bila kuvutwa na trekta. Kwa upande wake, kila atakayeuziwa mashine hiyo angeahidi kuvuna nayo ekari zisizopungua 2,000. Bodi ilikubali. Mashine zilianzia kusini na kupanda nchi nzima mpaka kaskazini, zikavuna zaidi ya ekari milioni moja na kutoa takriban busheli milioni 25. Busheli moja ya ngano ni kilo 27 na ushei. Modeli hiyo ilikuwa na faida iliyoonekana kwa macho: kisu kilikuwa mbele, kwa hiyo mashine haikukanyaga ngano isiyokatwa kama ilivyofanya trekta ilipoanza kufungua shamba.

Msimu huo uliitwa Brigedi ya Mavuno, na kampuni iliutangaza kwa nguvu zote, kama kampuni zifanyavyo. Vita vilipokwisha, walionunua mashine zile walikuwa wameshaijua njia, wameshajua wakulima, na hawakuona sababu ya kurudi kukaa nyumbani. Ninachotaka msomaji akione katika kisa hiki ni kipimo. Ahadi ya mwaka 1944 ilikuwa ya ekari. Hakuna aliyeulizwa mashine ikisimama siku sita kwa mvua nani atabeba gharama. Biashara ikakua na kipimo hichohicho.

Kwa miaka mingi bei ya kuvuna imetajwa kwa tarakimu tatu. Mvunaji akisema 25, 25, 25, mkulima anaelewa: dola 25 kwa ekari, senti 25 kwa kila busheli inayozidi 20 katika ekari, na senti 25 kwa kila busheli kwa ajili ya kuisafirisha kwa lori hadi ghalani. Tuchukue shamba linalotoa busheli 40 kwa ekari, yaani karibu gunia 12 za kilo 90. Ekari moja italipa dola 25, pamoja na dola 5 za busheli 20 zilizozidi, pamoja na dola 10 za usafirishaji. Jumla dola 40. Kombaini yenye kichwa cha futi 40 hukata ekari 15 hivi kwa saa shamba likiwa zuri. Kombaini tatu kwa saa kumi ni ekari 450, na hizo ni dola 18,000 kwa siku. Humo hutoka dizeli, mishahara, chakula, vibali vya barabarani na marejesho ya benki. Tarakimu ya nne ingekuwa ya siku za kusimama. Haipo.

Mtu wa mjini anaweza kudhani kwamba mvua ikikatika na jua likitoka, kombaini huwashwa. Ngano haitaki hivyo. Ghala la ushirika hupokea nafaka yenye unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Ikizidi hapo, mkulima anakatwa bei au lori linarudishwa. Hata siku zisizo na mvua kazi haianzi alfajiri, kwa sababu ya umande. Huanza saa nne au saa tano asubuhi. Dereva hukata kipande kidogo, sampuli hukimbizwa kwenye kipima unyevu, na kikosi kizima hungoja namba kama familia inayongoja matokeo ya mtihani. Ikisoma 15, wanakaa tena. Ikisoma 13, kila mtu anaruka kwenye usukani, na hapo watakata hadi usiku wa manane ikiwezekana. Kinachowasimamisha usiku ni mabua. Umande ukishuka, mabua hulainika, hukataa kukatika, hujizungusha kwenye pipa la kupuria, na sauti ya mashine hubadilika. Dereva mzoefu huisikia kabla taa ya onyo haijawaka.

Mvua halisi ikishuka kwenye ngano iliyokwisha kuiva, madhara huja kwa tabaka. Mvua ya kwanza huchukua uzito. Punje hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka, lakini haisinyai ikarudi ilivyokuwa. Inabaki pana na nyepesi, na ngozi yake inapoteza mng'ao. Kwa viwango vya Marekani, ngano nyekundu ngumu ya daraja la kwanza lazima iwe na ratili 60 kwa busheli. Ikishuka chini ya hapo ni daraja la pili, na chini ya 58 ni la tatu. Shamba lililokuwa la daraja la kwanza Jumatatu linaweza kuteremka hivyo bila mtu kuligusa. Mvua ikifuatana na upepo, ngano hulala, na kisu kinalazimika kupita karibu kabisa na ardhi, kikichota udongo na mawe.

Ikiendelea kunyesha kwa siku kadhaa, punje huanza kuota ikiwa bado kwenye suke. Mbegu imedanganywa, imeona maji na joto, ikadhani imeshapandwa. Ndani yake huzaliwa kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari ili kulisha mche. Kwa mche ni chakula, kwa mwokaji ni hasara, maana unga wa ngano hiyo hutoa mkate unaonata ndani kana kwamba haukuiva. Njia ya kuligundua tatizo hili ilibuniwa Sweden na Sven Hagberg na Harald Perten, na ni ya kuvutia kwa wepesi wake. Unga na maji hutiwa kwenye bomba la kioo lililotumbukizwa katika maji yanayochemka, kijiti hukoroga, kisha huachwa kizame kwa uzito wake. Uji mzito wa ngano nzima hukichelewesha kwa sekunde 300 au zaidi. Uji wa ngano iliyoota ni mwepesi, na kijiti huzama upesi. Kiwanda cha kusaga kikiiona namba ndogo, ngano hiyo huenda kulisha ng'ombe.

Tabaka la mwisho ni magugu. Mvua iliyoikuta ngano imekauka huyakuta magugu yakiwa hai, na hayo hushukuru. Wiki mbili baadaye shamba la dhahabu lina kijani chini yake, na kombaini italazimika kumeza vyote viwili.

Kwa hiyo mkulima naye ana haki ya kulia. Anaiona ngano yake ikipoteza daraja huku kombaini za kukodi zimepangwa ukingoni mwa shamba, safi, zimepakwa grisi, haziwezi kuingia. Na kuziingiza kwa nguvu ni kujitafutia balaa. Kombaini tupu ina uzito wa karibu tani 20, na tangi lake likijaa linaongeza tani nane au kumi. Katika udongo uliolowa magurudumu huchimba mifereji itakayobaki mpaka msimu wa kupanda, na mashine ikizama hadi ekseli, kuitoa ni kazi ya matrekta mawili na nusu siku. Mnyororo wa kuvutia ukikatika unaweza kuua mtu. Wavunaji wakongwe hukataa kuingia shamba la matope hata mwenye shamba akisihi, na nadhani ndio walio sahihi.

Kwa kikosi, siku ya kwanza ya mvua ni zawadi. Watu hawa wamekuwa wakilala saa tano au sita tu kila usiku kwa wiki mbili. Wanalala mpaka mchana. Kisha zinafuata kazi za mvua: kubadilisha meno ya kisu yaliyovunjika, kukaza minyororo, kupuliza makapi kwenye rejeta kwa hewa ya kompresa, kwani makapi hayo ndiyo yanayowasha moto mashine siku ya jua. Nguo za wiki mbili zinapelekwa kwenye mashine za kufulia za kulipia sarafu, na mji mdogo unajikuta na foleni ya vijana waliobeba mafurushi. Mke wa mwenye kombaini, ambaye siku za kazi hupika na kupeleka chakula shambani jioni, mara hii anapika kwa watu waliokaa mezani. Kwenye familia nyingi yeye ndiye pia anayeandika hesabu za busheli na kuomba vibali vya kuvusha mizigo mipana kutoka jimbo hadi jimbo.

Zawadi hiyo huchacha haraka. Nyumba ya magurudumu yenye vijana wanne, viatu vyenye matope na dirisha moja lililofunguka si mahali pa kukaa siku tano. Karata zinachosha. Simu zinaangaliwa kila baada ya dakika chache, na picha ya rada inamjua kila mtu kwa jina. Wakubwa wengi hupiga marufuku pombe msimu mzima, na ni katika siku za mvua ambapo marufuku hiyo inapimwa. Kiowa, mji mdogo wa Kansas mpakani na Oklahoma, ambao huwa miongoni mwa ya kwanza kupokea ngano mpya ya Kansas, una historia katika jambo hili: ni hapo ambapo mpinga pombe Carry Nation, Juni 1900, aliingia kwenye vilabu vya pombe akiwa na mawe na kuvunja chupa na vioo. Kuuza pombe kulikuwa kumepigwa marufuku Kansas, lakini Kiowa ilikuwa inakunywa. Sijui kama kuna mwenye kombaini asiyemwelewa yule mama inapofika siku ya tano.

Simulizi nyingi kuhusu kazi hii zimejaa machweo, vumbi la dhahabu na uhuru wa barabara. Mwandishi Marie Mutsuki Mockett, ambaye familia ya baba yake ina mashamba ya ngano Nebraska, alifuatana na kikosi kimoja na kuchapisha kitabu mwaka 2020. Kitabu hicho kinahusu zaidi imani, ardhi na rangi kuliko mashine, na ndiyo sababu kinasomeka. Lakini machweo hayalipi benki. Uhuru wa mtu huyu unaishia pale anapotakiwa kuamua, mvua ikinyesha Oklahoma, kama abaki au aondoke.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli. Ekari za Oklahoma hazijapotea. Ziko palepale, zinangoja jua. Kinachopotea ni siku, na siku hizo zilikuwa zimeahidiwa Kansas. Ngano ya Kansas haijui kwamba Oklahoma kuna mvua, inaendelea kuiva. Mkulima wa Kansas, aliyevuniwa na familia hiyohiyo tangu enzi ya baba yake, anapiga simu ya kwanza kwa upole: mmefika wapi? Simu ya pili haina upole. Ya tatu anaeleza kwamba kuna kikosi kingine kimepita barabarani na kimeuliza kama ana ekari. Hatishi. Anasema kweli, na ana watoto wa kusomesha.

Mwenye kombaini anaweza kugawa kikosi, mashine mbili zibaki na mbili zitangulie. Ni jibu linaloonekana la busara mpaka uhesabu: unahitaji magari mawili ya mafuta, wapishi wawili, madereva wa malori mara mbili, na msimamizi wa pili unayemwamini. Anaweza kubaki na kumpoteza wa Kansas. Anaweza kuondoka na kumpoteza wa Oklahoma, ambaye ngano yake inapungua uzito kila siku na ambaye mwaka ujao atakumbuka nani alimwacha. Au anaweza kuomba. Mvua ikikatika, majimbo mawili yanaiva kwa pamoja, kila kombaini nchini inatakiwa mahali pawili, na malori yanapanga foleni ya saa nyingi mbele ya maghala marefu ya zege. Baada ya wiki ya kukosa kazi huja wiki ya kazi isiyowezekana, na uchovu wa wiki hiyo ndio unaoangusha malori.

Mwaka 2015 ulionyesha jambo hili kwa ukubwa. Kusini mwa Nyanda Kuu palikuwa pametoka kwenye ukame wa miaka kadhaa. Wakulima waliomba mvua, na Mei ikawajibu: wastani wa jimbo zima la Oklahoma ulifika inchi 14.4, sawa na milimita 366 kwa mwezi mmoja. Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka mzima. Ulikuwa mwezi wa mvua nyingi kuliko wowote katika kumbukumbu za Oklahoma, na Texas nayo ilivunja rekodi yake mwezi huohuo. Ngano iliyokuwa imenusurika na ukame ilisimama ndani ya maji. Mwaka 2023 mambo yalipinduka: ukame uliipiga Kansas hadi mavuno yake yakawa madogo kuliko yote tangu miaka ya 1960, na mvua ikachelewa kuja mpaka ngano ilipokwisha kuiva. Haikuongeza punje hata moja. Ilikuza magugu kwenye mashamba yaliyokuwa na ngano hafifu, na ikasimamisha kombaini zilizokuwa tayari na ekari chache za kuvuna.

Siku zote ambazo kombaini zimesimama mshahara unaendelea. Vijana wa Marekani wanaotaka kazi hii ni wachache, kwa hiyo ukifungua mlango wa kombaini huko Kansas unaweza kumkuta kijana wa Kiafrikana kutoka Free State, au Muayalandi, au Mdenmaki. Waafrika Kusini wapo kwa wingi. Wamekua na mashine hizihizi mashambani kwao. Wengi huja kwa viza ya wafanyakazi wa kilimo wa msimu, ile ya H-2A, ambayo inamtaka mwajiri agharimie usafiri na malazi, na awahakikishie saa za kazi zisizopungua robo tatu ya zilizoandikwa kwenye mkataba. Zisipofika, anazilipia. Sheria hiyo ni ya haki. Kijana aliyevuka bahari hawezi kuambiwa kwamba mawingu yamemfuta mshahara. Mkulima naye ana kinga. Marekani ina bima ya mazao ambayo serikali kuu huchangia sehemu kubwa ya ada yake, na ngano ikiharibiwa na mvua au mawe, mwenye shamba anaweza kufidiwa.

Katikati yao amesimama mtu ambaye hana zao, kwa hiyo hana cha kukatia bima hiyo. Mitambo yake ameikatia bima dhidi ya moto na ajali, si dhidi ya kukaa. Mvua inapunguza mapato ya mkulima kwa sehemu. Ya mvunaji inayasimamisha yote, huku gharama zake zikibaki palepale. Wenyewe hulisema hili kwa fahari, kwamba ndivyo kazi ilivyo, na wapo wakulima wanaowaazima banda, wanaowaalika chakula, wanaowangoja kwa uaminifu hata ngano ikishuka daraja. Naheshimu hayo. Lakini ukiondoa fahari na wema, unachobaki nacho ni mfumo ambao mvunaji anamkopesha mkulima kikosi kizima cha watu na mashine, bure, kwa muda wote mvua itakapotaka. Benki iliyomkopesha yeye haimpi siku hata moja.

Sisi tulijaribu njia nyingine. Kuanzia takriban mwaka 1970 Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, yaliyoigwa kutoka nyanda za Kanada, kila shamba na mitambo yake, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakilishia mifugo. Uchungu wa ardhi hiyo haujaisha na una sura yake mbele. Hapa inatosha kusema kwamba kombaini ya Hanang haikuwa na pa kwenda ngano ya Hanang ilipokwisha. Siku hizi kombaini za kukodi zinatembea Afrika Mashariki, na zinatembea kwa mantiki ileile ya Texas, isipokuwa kwetu mwinuko nao hupishanisha misimu. Narok huiva kwa wakati wake, Uasin Gishu kwa wakati wake, na mwenye mashine hufuata. Kwenye mpunga wa Mbarali wenye kombaini nao wanapanga mashamba kwa simu na kulipwa kwa kilichovunwa. Mvua ya Oktoba na Novemba kule Uasin Gishu inajua kuikuta ngano shambani.

Kwa hiyo msomaji unayekodi kombaini, au unayemiliki moja, kabla ya msimu kaa mezani na mwenzako mkubaliane mambo matatu kwa maandishi: unyevu ambao kukata kutaanza, nani analisha kikosi na kulipa walinzi mashine ikisimama kwa mvua, na baada ya siku ngapi mwenye mashine ana ruhusa ya kuondoka bila kuitwa msaliti. Mkiyaacha mpaka mvua inyeshe, mtakuwa mnabishana huku ngano inaota kwenye suke.